Sikutia Chumvi, Nilitia Ngamia

Lodwar, Turkana

Mwanangu Mwakio,

Salamu kwanza, maana hata mtu uliyemkasirikia unamsalimu ndipo unamsema. Hujambo wewe, hajambo mkeo, na wajukuu wangu wanalala na kuamka salama? Kifua cha yule mdogo kimepona, au bado mnamfunika blanketi usiku na asubuhi mnamwacha acheze kwenye umande? Mimi ni mzima. Goti linauma lakini bado linanifikisha ninakotaka. Dada yako Mghoi hajambo, ndiye anayeandika haya, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Akimaliza atanisomea, na mimi sisahau nililosema.

Barua yako ilikuja na lori la Kitale. Mghoi alinisomea mara ya kwanza huku akiruka maneno. Nikayaona macho yake yanavyokimbia, nikamwambia arudie. Ndipo nikasikia vizuri. Unasema nawaaibisha. Unasema mwalimu mwenzako mliyesoma naye chuoni, yule anayefundisha Kakuma, amekueleza jinsi mama yako anavyokaa kwenye baraza la duka la vitabu akiwadanganya Waturkana, anawasimulia vitabu asivyoweza kuvisoma, na anatia chumvi. Basi ninyamaze, au nirudi nyumbani nikakae karibu na jiko lenu.

Mwakio, sikutia chumvi. Nilitia ngamia. Kaa chini nikueleze, kwa sababu huyo rafiki yako amekupa nusu ya habari na nusu nyingine ameikalia.

Duka hili unajua lilivyobaki. Shemeji yako alipokufa alimwachia dada yako chumba kimoja cha mabati na vitabu ndani yake, basi. Jua la hapa linayeyusha gundi. Ukifungua kitabu saa za mchana kurasa zinakumwagikia mapajani, na Mghoi hukaa na sindano ya magunia akizishona upya. Vitabu vya nyimbo za kanisa vinauzika, na vya hesabu vya watoto shule zikifunguliwa. Kuna na kile cha kufundisha kuandika barua za uchumba. Hicho makarani na askari wanakinunua na kukificha ndani ya gazeti, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Kuna msichana wa hospitalini alipokea barua mbili za watu wawili, maneno yaleyale mpaka salamu za mwisho. Alikuja kuziweka mezani kwetu akauliza kama kitabu kina barua ya kukataa. Kinayo. Akakinunua na yeye.

Lakini kinachouzwa kuliko vyote ni kile tunachokiita Kitabu cha Cherehani, kwa sababu ya picha ya juu. Ni habari ya fundi wa nguo, kijana maskini, anayempenda binti wa tajiri wa mji wake. Baba anakataa, binti anakonda, fundi anashona mchana na jioni, mwisho baba analainika wanaoana. Ni kitabu chembamba. Mghoi alinisomea mimi nikichagua mchele, na mchele haukuwa umekwisha.

Sasa hapo barazani kuna kivuli, na wanawake huketi. Wanasuka vikapu, wanauza samaki wakavu wa Kalokol. Mmoja anaitwa Nakiru, muuza samaki, Kiswahili anakijua, na mdomo anao. Siku moja akaniuliza, hicho chenye mashine kinasema nini. Nikamweleza, naye akawageuzia wenzake kwa Kiturkana. Wakasikiliza kimya mpaka harusi. Nilipofika harusi Nakiru akanisimamisha.

"Alitoa mifugo ngapi?"

"Nani?"

"Hiyo fundi. Amechukua msichana ya watu. Alitoa ngapi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi hawajaoana," akasema. "Wewe endelea tu, lakini hawajaoana."

Nikamwita Mghoi atafute vizuri. Akapekua mbele na nyuma, akasema, "Mama, hamna. Wamefunga harusi, mwisho." Na mimi nikaona Nakiru ana haki. Hata kwetu Taita, wewe mwenyewe, ulimpata mkeo kwa kufungua kitabu? Nani alipanda mlima na ng'ombe anayevuta kamba, kama si baba yako, Mungu amrehemu?

Basi siku ya pili nikaisimulia tena, na safari hii mahari ikalipwa. Fundi wa cherehani hana ngamia, hilo najua. Lakini mtu asiye na mifugo huwa na mjomba mwenye nayo, ndivyo walimwengu tulivyo. Nikampa mjomba. Nikamweka Lopur, kule karibu na Kakuma, mzee mkali mwenye ngamia wengi na moyo mgumu. Fundi akaenda kwa miguu kumlilia. Mjomba akamtukana kwanza, akampa maziwa, akamtukana tena, halafu akafungua zizi. Wakaswagwa ngamia, na ng'ombe, na mbuzi, na punda wa mama wa bibi harusi wa kumbebea maji. Mwakio, wanawake wale waliimba. Waliwaimbia ngamia wangu, kila mmoja na rangi yake.

Tangu hapo kitabu kikatembea. Mwanamke anarudi nyumbani anasimulia, mume anakuja kununua. Watu wasiojua herufi hata moja walinunua, wakaweka, wakisema mtoto aliye shuleni atakuja kuwasomea. Mghoi akaagiza tena Kitale, vikaisha, akaagiza tena. Nilimwona dada yako akicheka kwa mara ya kwanza tangu aache kuvaa nguo nyeusi. Hilo rafiki yako hakukuandikia.

Kati ya walionunua alikuwa mzee Ekal, mfanyabiashara wa mifugo wa Kakuma. Alisikiliza hadithi yote amesimama, fimbo kwapani. Nilipomtaja mjomba wa Lopur akacheka akasema, "Huyo mimi najua yeye. Anatembea na mguu mbaya." Sikumpinga. Akanunua kitabu, akapanda lori.

Hazikupita siku nyingi, lori la Kakuma likashusha gunia. Ndani ni vitabu vyetu, vimerudishwa. Dereva akatuambia mwalimu, huyohuyo rafiki yako, alisimama nje ya kanisa akawaambia watu kwamba duka la Lodwar linauza uongo, na yule bibi wa barazani ni mwongo asiyejua hata kushika kitabu upande wa juu. Mghoi alikaa juu ya lile gunia akalia. Mimi sikulia. Nilitafuta lori la kunipeleka Kakuma nikamshikishe yeye adabu upande wa juu.

Kabla sijalipata, Ekal akaja mwenyewe, kitabu mkononi.

"Mama ya kitabu. Ejok."

"Ejok, Ekal," nikamjibu salamu ya kwao.

"Ngamia yangu iko wapi?"

Akakiweka mezani. Alidhani tumezikata kurasa za ngamia ili tuziuze peke yake. Mghoi akamwonyesha nyuzi, kwamba hakuna ukurasa uliong'olewa. Nikamwambia Mghoi aache. Nikasimama nikasema, "Ekal, ngamia ni wa kwangu. Mimi ndiye niliyewatia. Kitabuni hawamo."

Akanitazama. "Na ile mjomba ya Lopur?"

"Na yeye pia."

Mwanangu, hilo lilimuuma kuliko ngamia. Akaketi juu ya sanduku.

"Na mimi nilisema najua yeye."

"Nilikusikia."

"Mbona hukunyamazisha mimi?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nakiru alicheka mpaka akaangusha samaki. Ekal hakucheka. Ndipo akatueleza, na wewe sasa sikiliza, kwa sababu hii ndiyo nusu iliyokaliwa.

Ekal ana binti, anaitwa Akai. Huyo rafiki yako anakaa na Akai nyumba moja hapo Kakuma, na wana mtoto anayejua kusimama. Hajatoa hata mbuzi. Kila akiulizwa ni mwisho wa mwezi, ni barua ya nyumbani haijafika, ni mshahara umechelewa. Ekal aliponunua kile kitabu alikipeleka kwake mbio, akamwambia, "Soma hapa. Hata fundi ya cherehani ametoa." Alitaka kumwaibisha kwa kitabu, kwa vile mwalimu ni mtu wa vitabu. Mwalimu akasoma mpaka mwisho, akakifunga, akacheka. Akamwambia, "Mzee, mifugo iko wapi humu? Umeona wenyewe waliosoma wanavyooana." Akamrudishia kifuani. Halafu ndiyo akaenda kunitukana kanisani, halafu ndiyo akakuandikia wewe. Na sasa ameomba uhamisho wa kurudi Taita, masanduku ameshayafunga. Akai amemuuliza, na sisi? Akamwambia ataandika.

Kwa hawa watu, Nakiru amenieleza, msichana ambaye mifugo yake haijaja bado ni wa zizi la baba yake, na mtoto ni wa babu. Basi Akai si mke wala si msichana. Akipita kisimani wanampisha kama mgonjwa. Ekal aliniambia hayo akitazama chini, mzee mwenye mifugo ya kujaza bonde, akaniuliza mimi, "Mama, ile fundi kwenye kitabu, kweli hakutoa? Kweli kabisa?"

Na wewe unaniandikia juu ya chumvi.

Huyo mtu hakukasirika kwa sababu mimi naongeza. Alikasirika kwa sababu nilichoongeza ndicho anachodaiwa. Na wewe mwanangu, niliyekubeba mgongoni nikipanda na kuni kichwani, ulipata barua yake ukaamini, hukuuliza hata neno moja. Hukusema, ngoja nimuulize mama. Mtu anaweza kuwa amesoma na bado akawa mvivu wa kuuliza.

Mghoi ananiambia nisiwe mkali sana. Basi nikueleze kwamba nilijaribu unavyotaka wewe. Alinisihi, akasema labda watu watarudi tukiwaambia kilichomo tu. Nikakaa barazani nikaisimulia kama ilivyoandikwa. Fundi akapenda, akashona, baba akalainika, akamchukua binti, mwisho. Nakiru hata hakuwageuzia wenzake yale ya mwisho. Akasema, "Hiyo si hadithi. Hiyo ni wizi." Wanawake wakachukua vikapu vyao wakahamia kivuli cha duka la misumari. Siku ile Mghoi aliuza chaki tu.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Kila mtu akinunua, Mghoi anamwambia mapema kwamba ngamia ni wa bibi, kitabuni hawamo, asije akatudai. Karani mmoja akauliza, sasa nanunulia nini? Nakiru akamjibu, "Nunua. Ngamia utasikia hapa nje." Akanunua, akakaa akasikiliza, akachelewa kazini. Vile vya kwenye gunia vimekwisha vyote. Kwa hiyo hilo la kunyamaza ulitoe akilini.

Mghoi ameniletea maji kwenye kata, anasema nitase kama wazee wa kwetu, niyateme chini na hasira yote itoke moyoni kabla hatujafunga barua. Nimeyanywa. Hapa maji hayatemwi, na hasira hii bado nina kazi nayo.

Kazi yenyewe ni hii, na ni yako. Panda Werugha kwa baba yake huyo mwalimu. Usimtume mtu, usiandike, nenda wewe. Mzee yule namjua tangu ujana wetu, ni mtu mwenye haya. Alipotoa mahari yake mwenyewe mbuzi mmoja alionekana ana jicho bovu, akarudi kumbadilisha bila kuombwa. Mwambie ana mkwe Kakuma, anaitwa Akai, na mjukuu. Mwambie hajaambiwa kwa sababu mwanawe aliona aibu kumwambia. Ngamia hana, hilo Ekal anajua, na Ekal amesema ng'ombe pia ni mnyama, na hata bei ya ng'ombe watakubaliana. Hachelei uchache wa mifugo. Anachelea watu kutokuja. Anataka waje wazee, waketi, waseme, "Tumekuja kwa ajili ya Akai," watu wote wakisikia.

Usinitetee mimi kwake. Kuitwa mwongo sitakufa. Na usimwandikie rafiki yako kumwonya, nitajua. Kama baba yake atafika kabla ya uhamisho, Akai atapanda lori kama mke wa mtu. Kama hatafika, hapandi, na mwalimu ataondoka na masanduku yake, na mimi nitamkalia kijijini kwao siku nitakayorudi, mbele ya kanisa, kama alivyonifanyia.

Ile nauli uliyotia ndani ya bahasha ili nirudi, nimeirudisha humu humu. Mpe mzee. Mimi siendi popote. Wewe msindikize mpaka Kitale, umwonyeshe lori, umwambie achukue maji ya kunywa na kofia. Akifika Lodwar atalala kwetu, na mimi nitakwenda naye Kakuma, goti au bila goti.

Nisalimie mkeo, mwambie shuka alizonitumia ndizo ninazolalia. Nisalimie dada yangu Mkamburi, na kama bado anakama yule ng'ombe wangu mwambie asimwuze, huenda akahitajika safarini. Nisalimie mzee wa kanisa na yule jirani anayenitunzia nyumba, afungue madirisha. Wajukuu wangu wabusu wote, na mdogo mtoe kwenye umande.

Nakupenda, ndiyo maana nimekusema. Ningekuwa sikupendi ningekutumia salamu tu.

Ekal ametuma neno moja la mwisho kwa mzee wa Werugha, umfikishie kama lilivyo: akija, asije na kitabu.

Mimi mama yako,
Wakesho,
kwa mkono wa dada yako Mghoi