Sentensi Yako ya Tatu

Haki ya Mungu, mke wangu, yote nitakayokuambia hapa ni kweli tupu. Nimeapishwa. Binti yetu muuguzi amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni, na ameshanionya: "Baba, hii ni kumbukumbu ya mama. Ukitia chumvi hata punje, naichana, naandika mwenyewe."

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ulipoacha cherehani katikati ya pindo la suruali ya mteja, ukasema unajinyoosha kidogo, na moyo wako ukasimama. Mwenye suruali alikataa katakata isimaliziwe na mtu mwingine. Mpaka leo anaivaa hivyo hivyo, mguu mmoja umeshikwa kwa pini.

Nimegongwa begani. Haya: suruali ilimaliziwa na fundi wa duka la pili, yule mliyekuwa mkigombania wateja, naye alilia juu ya kitambaa alipokuwa akiishona. Hilo ni kweli, aulizwe.

Tunakukumbuka na pini zako mdomoni. Uliweza kusali, kukemea na kuchukua vipimo kwa wakati mmoja, na hukumeza hata moja. Tunakumbuka chaki kwenye mikono ya gauni lako, na wajukuu waliodhani kila bibi huzaliwa na futi shingoni.

Zaidi ya yote tunaikumbuka sauti yako ya asubuhi. Kabla ya kugusa cherehani ulikaa kwenye meza ya jikoni, ukasoma masomo ya siku, ukachukua simu, ukairekodi tafakari yako kwa sauti, ukaituma kwa jumuiya nzima ya Kanisa na kwa ndugu walio mbali. Padre mwenyewe alisema anatamani mahubiri yake yangekuwa mafupi namna ile, na sisi tulitamani hivyo kuliko yeye. Zilikuwa sentensi tatu. Somo limesema nini. Limenichoma wapi. Leo nitafanya nini.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa kazi. Liliposomwa somo la kuoshana miguu, ulisema, "Leo nitamkata kucha mama wa ghorofa ya chini, hawezi kuinama," ukashuka na mkasi. Liliposomwa la taa isiyofunikwa, ulisema, "Leo nitaifuta ile taa ya ngazini, imejaa nzi," ukapanda juu ya stuli huku nikikupigia kelele kwamba utavunjika. Liliposomwa la boriti iliyo kwenye jicho la mtu mwenyewe, ulisema, "Leo sitamsema fundi mwenzangu." Siku hiyo uliuma nyuzi kwa meno mpaka jioni, lakini hukumsema.

Mimi nilikusikiliza kutoka kitandani. Maisha yangu yote nilikuwa fundi bomba. Shuleni sikukaa sana, nilichojua nilijifundisha mwenyewe, na kipaji changu kilikuwa kimoja tu: kusimulia. Mtaa mzima unajua nilivyozibua bomba ikatoka redio, nayo inaendelea kusoma taarifa ya habari. Ndiyo maana wakaniita Mzee Chumvi. Wewe ulikuwa ukicheka unasema, "Wewe mzee, siku ukisema kweli hata mimi nitakukatalia." Nilidhani unatania.

Sasa nifike kwa kaka yako. Najua ulikuwa unanisubiri hapo.

Kaka yako seremala alikutengenezea jeneza kwa mikono yake, hakutaka mtu mwingine aliguse. Wakati wa kukuaga, kifuniko hakikukaa sawasawa, kikabaki na mwanya upande wa miguu. Watu wote wanautazama ule mwanya, nami sijui nishike wapi. Mdomo wangu ukaenda wenyewe: "Jamani, shemeji kamwachia dada yake dirisha, asikose hewa." Wachache wakacheka, kile kicheko cha msibani. Kaka yako hakucheka. Aliweka nyundo chini taratibu, akatusindikiza mpaka kaburini, na baada ya hapo hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Tulipokwisha kukuzika, asubuhi zikawa bubu. Mwenyekiti wa jumuiya, yule mama muuza duka, akaniambia, "Baba, masikio yetu yameshazoea. Endelea wewe." Nikaendelea. Sentensi ya kwanza niliisoma kutoka kwenye misale yako, kile kitabu cha masomo ya Misa. Ya pili niliitunga. Ya tatu niliahidi mambo mazuri mazuri, na jioni nikatoa ripoti ya nilivyoyafanya. Hapo ndipo wangenishtukia, maana wewe hukuwahi kutoa ripoti hata siku moja. Siku niliyosema nimekesha kwa mgonjwa nikimpepea, nilikuwa kwa kinyozi nacheza drafti.

Lakini watu walipenda, mke wangu. Walisema, "Baraka za mama zimemshukia mzee." Nami nilipenda kupendwa.

Ikaja Kwaresima, likaja lile somo la mtu aliyefika altareni na sadaka yake mkononi, akakumbuka kwamba kuna ndugu ana neno naye. Anaambiwa aiache sadaka pale pale, akapatane kwanza. Nikatuma ya kwanza, nikatuma ya pili, na ya tatu nikasema: "Leo nakwenda kwa shemeji yangu seremala."

Na kweli nilivaa viatu. Nilikwenda mpaka kona ya duka la rangi, nikasikia randa lake linavyokwenda, shwaa, shwaa. Miguu ikaishia hapo. Nikanunua gazeti, nikarudi nyumbani. Jioni nikatoa ripoti, na sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile.

Jumuiya ilishangilia. Mwenyekiti akapanga papo hapo kwamba kwenye Misa ya mwaka wako, mimi na kaka yako tutapeleka vipaji vya sadaka altareni pamoja, bega kwa bega. Nikasema amina. Ningesema nini?

Alhamisi ya kupanga Misa hiyo, jumuiya ilikutana sebuleni kwetu. Mwenyekiti alikuwa amemwalika kaka yako bila kunieleza, maana kwake sisi tulishapatana. Akaja kwa ajili yako. Aliketi karibu na mlango, kofia magotini, ananitazama kama mtu anayetazama mbao iliyoliwa na wadudu. Na kalenda ya Kanisa haina haya: somo la siku likawa lile lile la Kwaresima, la altare na ndugu. Hapo watasema natia chumvi. Waangalie kalenda.

Lilipokwisha kusomwa, mwenyekiti akapiga makofi. "Leo somo halihitaji kuelezwa, limekaa hapa kwenye viti! Shemeji mtu, tuambie siku ile mzee alipokuja kwako. Sisi tulisikia upande mmoja tu."

"Siku gani?" kaka yako akauliza.

"Ile ulipoanguka kwenye ngazi kwa furaha."

"Ngazi? Mama, mimi sina ngazi."

Kijana wetu dereva, masikini, alidhani mjomba wake anatania. "Mjomba acha maringo, ngoja tukukumbushe," akasema, akaweka simu mezani, akabonyeza. Sauti yangu ikatoka:

"Jamani, naingia karakana, shemeji yuko juu ya ngazi. Kuniona tu, akashuka bila kutumia ngazi! Tukakumbatiana mpaka maranda yakatuganda mwili mzima. Mteja akaingia, akatuona, akauliza, hili kabati bei gani? Na shemeji akaniambia kwa machozi, lile neno la jeneza nimeshalisahau, hata mimi mwenyewe nililicheka moyoni."

Walicheka ilipofika kabati. Ilipofika jeneza hakuna aliyecheka, maana walikuwa wakimtazama kaka yako usoni.

"Nilisema hivyo?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kuizima simu.

"Shemeji, nakuuliza wewe. Nilisema hivyo?"

"Hukusema."

"Ulikuja?"

"Nilifika kwenye kona."

"Mimi siishi kwenye kona."

Akasimama. Hakupaza sauti, na ningeshukuru kama angepaza. "Kile kifuniko nilikiranda huku nalia," akasema. "Nilikuwa siuoni mstari. Nilijua kimekaa upande. Nikajiambia, dada yangu anaujua mkono wangu, atanisamehe. Wewe ukawachekesha watu. Sawa, msiba una mambo yake, ningekuelewa. Lakini kuuchukua mdomo wangu, ukajisamehe nao?" Akavaa kofia. "Hiyo Misa vipaji pelekeni wenyewe."

Mwenyekiti alifunga sala bila wimbo. Watu waliaga mlangoni wakinishika mkono kwa vidole tu. Kijana wetu alibaki akiitazama simu kama iliyomuunguza. Nami nilikaa kwenye kiti chako cha cherehani, maana ndicho pekee kisichokuwa na mtu wa kunitazama. Nilikuwa nimekunyang'anya sentensi yako ya tatu, mke wangu, nikaigeuza redio ya kwenye bomba. Na kaka yako asingekuja kukuombea, kwa sababu yangu mimi.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba siku iliyofuata nilikwenda kwake, akanipa mkono, tukamaliza. Ilikuwa aya nzuri, hata mwenyewe ilinitoa machozi. Binti yetu akaisoma juu ya bega langu.

"Baba, ulikwenda lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa hapa unachambua mchele na mimi."

"Asubuhi, kabla ya mchele."

"Baba."

Hakuichana. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaifunika, akaenda akaniwekea viatu mlangoni, ncha zikitazama nje. "Nenda. Karatasi itakusubiri."

Nimerudi sasa hivi. Haya yanayofuata yameandikwa na mtu aliyekwenda.

Niliipita kona. Karakana ya kaka yako ina mlango wa bati usiofungika vizuri, inanuka gundi, na kweli haina ngazi. Hakushuka kutoka popote. Alikuwa ameinama juu ya msalaba wako, ule wa kudumu, wa kuchukua nafasi ya ule wa harakaharaka tuliokuwekea kaburini.

Nikasema, "Shemeji, nilikukosea msibani. Halafu nikakukosea vibaya zaidi kwenye simu."

Randa likaendelea.

"Nimekuja bila hadithi," nikasema.

Akanitupia kipande cha msasa. "Fuata mti unavyokwenda. Usikatize."

Nikapiga msasa. Nilipodhani nimemaliza, alipitisha kidole gumba, akasema, "Hapa bado." Nikapiga tena. "Na hapa." Jua la dirishani lilishuka ukutani, likatambaa sakafuni. Ndipo nikaona kwamba mkono mmoja wa msalaba umezidi mwingine. Umezidi kidogo, lakini umezidi. Mke wangu, unanijua. Utani ulikuja mpaka kwenye meno, mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Nikaumeza. Ulishuka kama pini.

Baadaye sana akasema, bila kunitazama, "Mkono wa kushoto umezidi. Umeona?"

"Nimeona."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Akapuliza vumbi juu ya mbao, akachukua rula na msumeno. Kisha akauliza, "Misa ni saa ngapi?"

Sikumwambia lolote la kupendeza. Nilimwambia saa.

Hatukukumbatiana. Viganja vyangu vinawaka moto, nina malengelenge kwenye kila kidole.

Nimegongwa begani. Mawili.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, ambaye simu ya asubuhi nimeikabidhi kwa binti yetu mpaka atakaponiona nimepona. Ni binti huyo huyo, mwenye mkono wako na jicho lako. Ni kijana wetu dereva na mkewe, na wajukuu wako, ambao bado wanagombania futi. Ni fundi wa duka la pili, mama wa ghorofa ya chini ambaye kucha zake sasa nitazikata mimi, na jumuiya yote, ambayo hapa naiomba msamaha. Na ni kaka yako seremala, aliyeniruhusu nimtaje kwa sharti kwamba nisimwekee mdomoni hata neno moja zaidi ya aliyosema.

Hutatutoka moyoni, mama wa watoto, wala sauti yako haitatoka jikoni.

Imebaki sentensi ya tatu. Kwa kuwa leo imekwisha, naahidi ya kesho. Msalaba wako una upande wa pili, haujaguswa. Kesho nitakwenda kuupiga msasa.

Jioni sitatoa ripoti.