Sponji Isiyoshika Moto

Baba,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Tangu tukuzike, kila mama akienda sokoni nalipindua kochi lako, nakata kipande cha sponji kule chini ambako kitambaa kimeachia, natoka nacho nyuma ya nyumba na kukichoma. Kipande kidogo tu, kama ukucha. Kinakuwa cheusi, kinanywea, kinatoa moshi wa kukwaruza koo, halafu moto unazimika wenyewe. Jibu nalijua tangu mara ya kwanza. Narudia kwa sababu nataka kutazama kitu ulichokuwa unapenda kukitazama wewe.

Unamkumbuka yule mama wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuja bandani kwako kutafuta makochi? Ulinyofoa sponji ya kochi la mtumba, ukaiwashia kiberiti mbele yake. "Bamayo, unaona? Hii ndiyo orijino. Haishiki moto." Naye, bila hata kutabasamu: "Fundi, nimekuja kununua kochi, sikuja kununua jiko." Ukamwambia, "Basi nyumba ikiungua utabaki na pa kukaa." Akacheka mpaka akalikalia. Na mteja akishakalia, ulikuwa unaniambia, ameshanunua.

Hivyo ndivyo mafundi wenzako wote walivyokuwa wanapima. Sponji inayowaka haraka na kudondosha matone, feki. Ya makochi na viti vya magari chakavu kutoka ng'ambo, ile inayojizima, orijino. Na ile orijino kabisa ulikuwa unaileta nyumbani kwetu.

Siku moja nilikuuliza kwa nini haishiki. Ukasema, "Mimi nashona, Tuma. Wewe ndiye unayesomeshwa kwa Kizungu, kamuulize mwalimu." Sikumuuliza. Unanijua, mimi hata ruhusa ya kwenda chooni naona aibu kuomba.

Baba, nimeuliza.

Nilimsubiri mwalimu wa kemia mpaka darasa likaisha watu. Nikaanza kwa Kiingereza kama sheria ya shule inavyotaka, nikakwama neno la pili. Akasema, "Sema kwa Kiswahili, binti, nani anakusikia hapa?" Basi nikamwaga yote. Akaniambia kuna nchi ambazo sheria zao ziliwafanya watengenezaji watie dawa ya kuzuia moto kwenye sponji. Dawa hizo, nyingine hazishikamani sawasawa. Sponji ikizeeka na kumeguka, zinatoka kidogo kidogo, zinakaa kwenye vumbi la ndani. Zipo zinazodhaniwa kuvuruga ukuaji wa watoto, na wanaozipata zaidi ni wale wanaotambaa na kulamba mikono. Nikamuuliza kama za kwenye kochi letu ndizo hizo. Akasema hawezi kujua, maabara yetu hata maji haina. Halafu akaongeza, "Na usije ukaichoma. Moshi wake ni mbaya zaidi." Nikaangalia viatu vyangu.

Nilivyofika nyumbani nilipiga magoti sebuleni, nikapitisha kitambaa chenye maji chini ya kochi. Kilitoka na unga wa njano, laini, kama pumba zilizopepetwa. Mama anafagia pale kila asubuhi, kwa ufagio mkavu, vumbi linapanda juu na kushuka tena. Na pale ndipo uwanja wa kitindamimba wako, Ayubu. Ulimwacha hata kukaa hajui. Sasa anatambaa kama anakimbizwa, anashika mguu wa kochi lako, anasimama, halafu vidole vyote mdomoni.

Nina maswali ambayo wewe ungeyapenda. Hao wa ng'ambo wanaogopa nini sebuleni? Sisi moto wetu uko jikoni, na jiko liko nje. Kwa hiyo tumekuwa tunakalia woga wa nyumba ya mtu mwingine? Na mtu aliyeandika sheria ile, aliwahi kufikiri kwamba kochi likizeeka kwake litapanda meli, litapanda lori, litafika Tunduma, na fundi mmoja ataichagua sponji yake kwa sababu hiyo hiyo ya dawa?

Sisemi ilikuua. Uliuawa na pikipiki njia ya Mkwajuni, kila mtu anajua. Lakini nakumbuka ulivyokuwa unarudi jioni na nyusi za njano, mimi nakupangusa kwa upande wa kanga ya mama, wewe unajifanya mzee, unakohoa na kunidai "shikamoo." Sasa ule unga nikiukumbuka nacheka nusu, nusu nyingine inakwama.

Shida ni hii. Kile kiroba cha vipande vya sponji kilichobaki bandani, mama amekileta ndani. Jumamosi anataka kukijaza kwenye kigodoro cha Ayubu. Nilimuuliza kwa nini asinunue kingine. Akasema, "Baba yake hakumwachia kitu. Acha alalie mkono wa baba yake."

Hilo linajibiwaje, baba? Nikisema sponji ni mbaya, atasikia nimesema wewe ni mbaya. Jana jikoni nilijikaza, nikaita, "Mama." Akasema, "Enhe?" Nikasema chumvi imeisha. Akanifunulia kopo. Chumvi ilikuwa imejaa.

Lakini sokoni nimeshaulizia sufi ya kujazia badala ya sponji, ipo. Na sindano yako iliyopinda ninayo. Ulinifundisha kushona kona mpaka mshono usionekane, ukasema mshono wangu utakuja kuushinda wako. Kigodoro nitakishona mimi, kwa mshono wako. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Kochi lako halitatupwa. Nitalifunga vizuri pale lilipoachia, na nitapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji mpaka Ayubu aache kulamba dunia.

Barua zangu nyingine kwako nilikuwa naziandika kwa Kiingereza. Wewe hukukijua, lakini niliona marehemu hasumbuliwi na lugha. Ukweli ni kwamba mama naye hakijui. Hii nimeiandika kwa Kiswahili toka neno la kwanza, na nadhani mkono ulijua kabla yangu.

Nasikia ndala zake kwenye kibaraza, na Ayubu analalamika mgongoni. Siku nyingine karatasi ingekuwa tayari chini ya daftari. Kaa kwa amani, baba yangu, fundi wangu. Anasukuma mlango. Naiacha hapa mezani, maandishi yakitazama juu, namsogezea kiti.