Moyo Niliowaonyesha Wakurugenzi

Mwenzangu, mama ametutoka. Moyo umesimama ghafla.

Na mimi wakati huo nilikuwa mbele ya wakurugenzi wa kampuni, nikiwashawishi kwamba saa janja, zile zinazopima mapigo ya moyo mkononi na kuyatuma kwenye simu, zinastahili kuendelea kutengenezwa. Nikawaonyesha simu yangu: "Huu ni moyo wa mama, amevaa saa yetu. Tazameni unavyodunda vizuri."

Unavyodunda vizuri! Nilitamka hivyo!

Mdogo wangu akapiga simu, akaniambia mama amefariki. Nikambishia: "Haiwezekani, moyo wake ninauona hapa."

"Dada, saa ninayo mimi. Mama alinivisha juzi. Alisema, 'Wewe ndiye unayehangaika, mwanangu. Mimi sina neno.'"

Mkurugenzi mmoja, asiyejua kitu, akauliza kama bado ninazipendekeza saa hizo. Nilikuwa nikiitazama simu: moyo wa mdogo wangu ulikuwa unakwenda mbio, na mama hayupo tena wa kumbembeleza.