Nilimtoa Akiwa Anaongoza

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na ngazi huzipandi tena kwa ubishi. Mimi mwili mzima; moyo ndio unaonisumbua.

Yule binti ninayemfundisha karate, tunayemwita Chuma, alianguka mazoezini, kichwa kikagonga sakafu. Tangu hapo anasahau hatua alizozijua hata usingizini. Nilimwomba Mjomba ampumzishe. Akanijibu mbele ya wanafunzi: "Mkuu wa ukumbi huu ni nani? Jumamosi anapigana, na wewe ndiwe utakayekaa pembeni yake." Kombe lote tunamtegemea yeye. Chuma mwenyewe anasema hana neno. Anadanganya kama mimi nikiulizwa kama nimekula.

Nifanyeje, Mama?

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Goti linaendelea vizuri, ubishi pia.

Mjomba wako ndiye aliyekushika mkono baba yako alipofariki. Huo mkanda mweusi kakufunga yeye. Kaka yangu ni mkali, lakini si mjinga. Ameona wangapi wakianguka na kuinuka? Usishindane naye hadharani. Zungumza naye faraghani, na akikataa, mtii.

Lakini nimelala vibaya. Huyo binti ana mama?

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Anaye. Jumamosi alikuwa safu ya mbele akishangilia; binti hakuwa amemwambia kitu.

Nilizungumza na Mjomba faraghani kama ulivyosema. Akanicheka. Chuma akaingia, akaanza vizuri, akawa anaongoza. Halafu mwamuzi akawaita katikati, naye Chuma akaelekea kwa kocha wa mpinzani wake. Watu wakacheka. Mimi nikanyanyua mkono, nikamwambia mwamuzi namtoa.

Chuma alifungua mkanda akanitupia miguuni. "Mwalimu, umenimaliza." Mjomba hakupiga kelele, alinyoosha kiganja tu, nikampa funguo za ukumbi. Nikampeleka Chuma hospitali pamoja na mama yake.

Najua ni kaka yako. Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

23 Machi

Mama,

Shikamoo. Dada ananiambia u mzima, nashukuru. Daktari amemkataza Chuma mazoezi kwa muda mrefu. Nilikwenda kumjulia hali, akageukia ukutani.

Wanafunzi wangu wamekatazwa kunisalimia. Wachache wananisalimia kwa nyusi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Nilikukasirikia wewe, kisha nikamkasirikia kaka yangu, mwisho nikajifunga kanga nikaenda kwake.

Akasema, "Mwanao amenivua nguo mbele za watu." Nikamwambia, "Kaka, ungemsikiliza chumbani, usingevuliwa uwanjani." Tangu wazazi wetu watutoke hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Akaapa hutafundisha tena ukumbini kwake maadamu yu hai. Sikumbembeleza.

Nimeshafika getini, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikageuka. Amesimama kizingitini, mikono nyuma.

"Yule binti," akasema, "kichwa bado kinamuuma?"

Nikamwambia nyumbani kwao anapafahamu, aende akamuulize mwenyewe.

Sijui kama alikwenda. Ila nilipokuwa nafunga geti, nilimwona ameinama, anatafuta viatu vyake.

Mama yako