Matanga ya Mtu Aliye Hai

Likasi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Goti lako linasemaje tangu mvua zianze huko Kalemie? Na wewe dada Feza, unayemsomea Mama, tafadhali usiruke mistari hata ukiona aibu kwa ajili yangu, maana Mjomba atakuwa amekwisha kuandika ya kwake. Mimi ni mzima. Mke wa Mjomba bado ananiita "citoyen artiste", yaani raia msanii, kila anaponipakulia bukari, halafu anacheka peke yake.

Mama, kesho asubuhi natakiwa kwenda kupimwa na daktari wa kampuni, ili niingie ukarani kiwandani. Mjomba ameihangaikia nafasi hiyo, nawe uliniandikia niikubali, kwa sababu michezo si kazi ya mtu mzima. Kabla sijakujibu, acha nikueleze balaa nililojiletea.

Wiki mbili zilizopita redio ilitoa mchezo wangu mpya. Niliuandika, nikauongoza, nikaigiza mwenyewe mtoto mkubwa wa marehemu. Mimi na wenzangu wa kikundi cha parokia tulifanya mazoezi mpaka sauti zikakauka. Nilitaka uanze kwa kishindo, bila muziki, bila kutaja kwamba ni mchezo. Moja kwa moja tangazo la kifo, kama yale ya kila jioni: "Familia ya mzee Kalenga, aliyekuwa mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe, inawajulisha ndugu na jamaa wote..." Jina nililitunga kichwani. Nikajiona fundi kweli kweli.

Kumbe mchezo ulipangwa mara tu baada ya matangazo ya kweli, na huko Kakontwe yuko mzee Kalenga, mstaafu wa machimbo, mwenye jamaa kila upande. Watu hawakungoja kusikia zaidi. Walizima redio wakaanza kulia. Mzee alikuwa shambani siku mbili, na mke wake alidhani kafia huko, watu wa shamba ndio waliotangaza. Kesho yake mchana mzee anarudi na jembe begani, anakuta viti vimejaa uani, wanawake wamefika na unga na makaa. Alikuwa ameingia kwenye matanga yake mwenyewe.

Direkta wa redio aliniita. Hakupandisha sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. "Citoyen, enda kwanza kuomba pardon ku ile familia," alisema. "Muzee akilalamika, kwetu hapa umemaliza."

Nilikwenda Kakontwe kwa miguu, maneno ya kuomba msamaha nimeyakariri njia nzima. Nilimkuta mzee uani. Alikuwa anakula samaki na mzee mwingine.

"Weye njo uliniua?" akaniuliza.

"Ni minye, Papa. Naomba pardon."

"Ikala," akasema, akinisogezea kiti. "Uyu ni mukubwa yangu, anaishi ku ziwa ya Tshangalele. Myaka saba hatukusemezana, juu ya shamba ya baba yetu. Alisikia nilikufa, akakuya na samaki yake kunizika."

Yule kaka mkubwa hakuinua macho kwenye sahani. "Nililia njia yote," akasema. "Kisha naona muntu anaingia na jembe. Nilitaka kumupiga!"

Wakacheka mpaka mzee Kalenga akashika mbavu. Mimi nililia, Mama, wala sikuona haya. Halafu mzee akanikazia macho. "Kulalamika, siendi. Lakini uniambie: kisha nakufa, inaendeka namna gani? Bantu bote balizima radio."

Basi nikasimama palepale uani nikauigiza mchezo wote peke yangu, mjane, watoto, padri, mpaka marehemu. Majirani walitoka mmoja mmoja wakakaa. Nilipomaliza hakuna aliyeondoka, na mke wa mzee, ambaye sasa walimtania "mjane wa kweli", akataka nirudie mwanzo.

Direkta ameniacha niendelee, kwa sharti kwamba kila mchezo utanguliwe na maneno "huu ni mchezo". Nimekubali, ni haki yake. Lakini kwa daktari wa kampuni sitakwenda. Leo nimemwambia Mjomba. Amenuna, chakula amekula chumbani. Namheshimu, nitamwomba radhi kwa kumpotezea muda, ila nafasi hiyo apewe mwingine anayeitamani. Nilipokuwa katikati ya uani ule nilijua kazi yangu ni ipi, na najua itanitesa.

Msalimie Babu, mwambie tumbaku yake nimeipata. Msalimie shangazi anayeuza chumvi sokoni, na mume wa dada Feza ambaye hucheka kabla ya kusikia kisa.

Ukinikasirikia, Mama, nitaendelea kuigiza, ila kwa huzuni. Baraka naiomba kwako. Ruhusa nimejipa mwenyewe.

Mwanao,
Kabwe