Kwa Mama Nyamvula, Mfunga Vilemba wa Junda

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, na Junda bado yakuulizia. Hata mwezi haukuisha, mteja akabisha hodi akitaka kilemba cha harusi. Tulipomwambia umefariki alitupa pole, kisha akauliza, "Na anayejua sasa ni nani?"

Leso ilipopita mikononi mwako haikubaki kitambaa tu. Uliipinda, ukaishonea mkanda wa shanga, ikawa kilemba cha kumtoa bibi harusi. Na ulituusia: jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, likunjwe ndani, bibi harusi haendi kanisani kugombana na watu.

Vilemba ulivijaribia kichwani mwa Baba. Ulimkalisha kibarazani, upara umevikwa leso na shanga, wapita njia wakimwamkia, "Shikamoo, bibi harusi!" Naye akijibu, "Marahaba, mahari mmeleta?"

Sisi wanao ulituita tujifunze. Tuliitika "Abee, Mama," na hatukuja.

Mwezi uliopita bintiyo Judy akaolewa. Alitaka kilemba chako, la sivyo hatoki chumbani. Dada yake Linda alifunga, kikaanguka. Jirani Pascalia akafunga, kikakaa kama chungu kilichopinduliwa. Judy akalia mpaka wanja ukamshuka, na huko kanisani kwaya imeshachoka kurudia wimbo.

Ndipo Baba akaingia, akachukua leso uliyomwekea Judy.

"Nyamvula kanifunga kichwa hiki miaka yote," alisema. "Mwadhani kilikuwa kimelala?"

Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Hata ile ncha uliyokuwa ukiificha nyuma ya sikio hakuisahau. Kilemba kikakaa, kizuri kama chako, na sote tukalia kwa kukukumbuka.

Ila Baba alikijua kilemba kwa kukivaa, hakuwahi kukitazama. Kwa haraka, nasi hatukutazama. Judy akaingia kanisani na jina la leso limemkaa kwenye paji la uso, herufi kubwa: NILISEMA HAMKUSIKIA.

Mchungaji alisoma, akakohoa. Mama mkwe alisoma, akamgeukia mwanawe. Hukuiwahi harusi, Mama, lakini kanisa zima lilikusoma.

Unakumbukwa na mumeo Kai, ambaye sasa hutukalisha kibarazani mmoja mmoja tujifunze, wanao Linda, Judy na Munga, mkweo Fondo, na jirani yako Pascalia, ambaye bado anajaribu.

Hatutakusahau milele. Safari hii tumesikia.