Tukifika Laki

Kwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na mwanetu. Naomba barua hii iwakute wazima, na ule mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwa kunyanyua maboksi ghalani uwe umetulia. Sisi huku hatujambo, au tuseme miili yetu haijambo. Mama Mdogo anakusalimu sana. Mguu wake bado unavimba akikaa kwa muda mrefu, lakini mdomo wake mzima kabisa, jana tu kamsema muuza mkaa mpaka nikamwonea huruma.

Najua ukiiona bahasha utajiuliza mdogo wako Kiherehere kapatwa na nini, mtu anayelala na simu, leo kashika kalamu. Nimejaribu kukupigia, Kaka. Kila nikisikia sauti yako najikuta nauliza habari za kazi na za baridi ya huko, tunataniana kidogo, halafu tunaagana kabla sijalisema lililonifanya nipige. Nikaona bora niandike, maana karatasi hainifurahii kama wewe ninapokupigia.

Nianzie pale unapopajua kidogo. Ulipoondoka nilikuwa napiga picha za vitambulisho na za sherehe za watu. Zile nilizokuwa naweka mtandaoni zilipendwa na watu wale wale: wewe, binamu zetu, na yule fundi wa kamera aliyekuwa ananinyemelea. Nilipiga maua, nikapiga jua likizama, nikapiga vikombe vya chai kutoka juu kama kila mtu. Hakuna aliyegeuka. Mama akanikuta siku moja nimenuna jikoni, akauliza kafa nani. Nikamweleza kwamba sina wafuasi. Akataka kujua wafuasi wa nini, nikamwambia watu wa kunifuata, wengi, maelfu. Akaendelea kumenya viazi, halafu akauliza, "Wakishakufuata, unawapeleka wapi?" Nilicheka mpaka hasira ikaniisha.

Picha iliyofungua mlango sikuipanga. Unamjua Mama na kamera. Hata ulipokuwa unampigia ya video alikuwa anaiweka simu sikioni, miaka yote hiyo ukawa unaongea na hereni. Asubuhi ile alikuwa uani anasugua vyombo, nami nilikuwa najaribu lenzi niliyoazima. Nilipomwelekezea kamera, akanyanyua kilichokuwa mkononi akajificha, kama ada yake. Kilikuwa lile sinia kubwa, kalisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Basi kwenye picha, pale ambapo pangekuwa na uso, pakawa na anga, mawingu, na ukingo wa paa letu, na chini yake shingo ya Mama na gauni lake la maua. Niliiposti bila neno lolote. Kufika jioni simu ilikuwa ya moto.

Watu wakamwita Mama wa Sinia. Wakataka nyingine, nami nikawapa. Nilimpiga kajificha kwa mto, kwa mwavuli uliotoboka, kwa mfuniko wa sufuria, kwa shuka linalopepea kwenye kamba ya nguo. Mwanzoni alilalamika kwamba namtia ujinga uzeeni. Baada ya muda, Kaka, usingemtambua. Akawa ndiye bosi. Ananiambia sinia limewachosha, leo tutumie ule mto wa bluu, tena nisogee kulia kwa sababu ukuta wa kushoto umebabuka rangi na hataki watu waone. Siku moja alirudi kutoka dukani anacheka mpaka anashika mbavu. Wasichana wawili walikuwa kwenye foleni wanabishana kama Mama wa Sinia ni mzuri au ana kilema cha uso, naye kasimama nyuma yao kabeba mkate. Aliwaambia amesikia ni mzuri sana. Miaka mingi tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Na kila picha, chini yake, watu walikuwa wanaomba kitu kimoja: tuonyeshe uso. Nikaona hapo pana mambo. Katika kazi hii ukishampa mtu kila kitu anaondoka, unatakiwa umwachie hamu. Nikaandika kwenye ukurasa wangu kwamba tukifika laki, Mama atafunua. Maneno hayo yakashika. Watu wakawa wanaitana, njoo ufuate tufike laki. Hata Mama akawa anayasema. Nikimwomba chumvi mezani ananijibu tukifika laki. Tulikuwa na raha, Kaka, nisikudanganye. Ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi naye.

Kuna alasiri moja ambayo sijamsimulia mtu. Nilirudi kutoka kupiga picha za mahafali, nikamkuta Mama kakaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni. Kasukwa nywele, kavaa lile gauni la kijani ulilomtumia, na miwani kaifuta. Sinia liko mapajani. Mwanga wa dirisha lile unaujua, saa zile unaingia kwa upande, laini, hata ukuta unapendeza. Akaniambia, "Leo nipige hivi hivi." Niliangalia simu. Laki ilikuwa bado mbali kidogo. Nikamwambia Mama, tusiimwage sasa, watu wanaisubiri. Akasema si lazima watu waione, niiweke mwenyewe. Nikamjibu kwamba najijua, nikiwa nayo mkononi sitavumilia, nitaiposti tu. Akanitazama. Nadhani alitaka kusema kitu, kisha akacheka, akasema haya, bosi ni wewe, akanyanyua sinia. Nikapiga. Ile ndiyo picha iliyopendwa kuliko zote nilizowahi kupiga, na kila nikiiona naifunga haraka.

Yaliyofuata unayajua. Presha haikumpa nafasi hata ya kufika hospitali. Wakati wanawake wanapanga viti uani, wajomba wakaomba picha ya kuweka kwenye tangazo la msiba. Wote wakanigeukia mimi, mpiga picha wa ukoo. Nikaingia chumbani na kompyuta. Nilikuwa na picha za Mama zaidi ya mtu yeyote ninayemjua, na katika zote hizo alikuwa sinia, mto, mwavuli, mfuniko. Nilipekua tena na tena nikitafuta hata moja ambayo mkono ulichelewa. Nilizokuwa nimezikosea nilikuwa nimezifuta, maana ndivyo nilivyojifundisha, picha ikionyesha uso imeharibika. Kitambulisho chake kilikuwa kimefifia, imebaki miwani tu. Zile za zamani kwenye sanduku la bati zilikuwa zimelowana paa lilipovuja, zimegandana. Nilipojaribu kuzibandua, nyuso zikabaki upande wa pili. Kwenye harusi ya Mama Mdogo, Mama yupo kwenye picha moja, kainama anamfunga mtoto kamba za viatu. Tangazo likatoka na sinia.

Kisha ukurasa wangu ukalipuka. Watu nisiowajua wakaanza kujipiga picha wameficha nyuso kwa masinia yao, kumuaga. Walikuwa wanampenda kweli, siwezi kuwalaumu. Wakaleta na wengine, na wengine wakaleta wengine, na wiki ile ile tuliyomzika, laki ikatimia. Wakaniandikia pole sana dada, Mungu akupe nguvu, na sasa tuonyeshe uso.

Ndipo ukapiga wewe. Ulikuwa umenyimwa ruhusa kazini, umekosa kumzika mama yako mzazi, na hukulia, ulikuwa unaongea polepole kama mtu aliyebeba maji. Ukasema hutaki kitu chochote katika vitu vyake, unataka uso wake tu. Ukasema simu yako ya zamani iliibiwa pamoja na picha zote, na kwamba umeanza kumsahau, hasa mdomo. Unakumbuka sauti lakini mdomo unaosema huuoni. Ningekwambia nini, Kaka? Nilisema ipo. Nilisema nitakutumia.

Ukaipokea. Nilikwambia nimeikuta kwenye kadi ya zamani ya kamera. Mama karibu na dirisha, na gauni la kijani, na kitambaa kichwani, anatazama mbele bila kitu mkononi. Ulinipigia unalia kwa mara ya kwanza. Ukasema macho ni yale yale, na anakutazama kama mwenye neno anataka kukwambia. Ukaichapisha kubwa, ukaitia fremu, ukaitundika mnapolia chakula. Wifi akanitumia ujumbe kwamba sasa unalala. Nikajiambia basi, yameisha, nimemtibu.

Lakini Jumapili iliyopita ulinisimulia kichekesho. Ulisema ulikuwa unamfundisha mtoto kumsalimia bibi yake pale ukutani, naye akakataa, akasema yule si bibi, yule ni shangazi wa kwenye simu. Ukamsahihisha. Akasisitiza, ni shangazi, kajipaka unga. Ukasema ulimkemea mpaka akalia, kwamba bibi hachezewi, na sasa kila asubuhi anamwamkia vizuri kabla ya kunywa uji. Ulikuwa unacheka unaponihadithia.

Kaka, mtoto hakukosea.

Ni mimi. Nilivaa gauni lake, lilikuwa bado lina harufu yake. Nilijipaka poda kwenye nyusi na kwenye nywele zilizo nje ya kitambaa, nikachora mikunjo kwa wanja kisha nikaifuta kwa kidole ibaki kivuli tu. Nilivaa miwani yake, ndiyo maana macho yalikuwa na maji, miwani ile ni mikali kwangu. Nilikaa kwenye kiti kile kile saa zile zile, nikaiacha kamera ijipige yenyewe, na nikarudia mpaka nikapata moja ambayo hata mimi ilinishtua. Kisha nikaichakaza kidogo ionekane ya siku nyingi. Nilifanya kazi nzuri, Kaka. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sijawahi kuiposti, wala sitaiposti.

Nilimwonyesha Mama Mdogo, nikitaka sijui anisifu au anipige. Aliisogeza simu karibu na macho. Alisema nimempata kila mahali isipokuwa machoni, kwa sababu dada yake hakuwahi kumtazama mtu kwa kumwomba vile. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema msibani. Ile alasiri ya gauni la kijani, Mama alijiandaa kwa ajili yako. Alitaka picha ikufikie wewe, mtoto asije akakua bila kujua bibi yake ana sura gani. Hakuniambia kwa sababu aliniona nina haraka na hesabu zangu.

Nimekudanganya, na nimemfanya mtoto aadhibiwe kwa kusema kweli. Naumia kwa yote mawili, ila la mtoto linanichoma zaidi. Ukitaka kuichana ile picha ichane. Ukikaa mwaka mzima bila kunipigia nitaelewa, ingawa nitaumia.

Ila kabla hasira haijakushika sana, nina ombi. Mimi niliishi naye mpaka mwisho, nilimtazama kila siku, lakini nilikuwa natazama mwanga na sinia. Sasa nikifumba macho nimtafute, anayekuja ni yule niliyemtengeneza mimi. Natafuta nyuma yake simwoni mwingine. Wewe ulikaa mbali, hujamharibu. Niandikie chochote ulichokuwa unakikumbuka kabla sijakutumia ile picha, hata kama ni kidogo, hata kama ni upande mmoja tu wa mdomo, usinipambie. Na usiitazame ile ya ukutani unapoandika.

Mama Mdogo anaomba msichelewe kutupa habari za mgongo. Wifi msalimie, mwambie namkumbuka sana. Mwanetu mbebe, umbusu, umwambie kwamba wewe baba yake ulikosea na yeye alikuwa sahihi. Asimwamkie tena yule mtu kila asubuhi. Ni shangazi yake, na shangazi yake ndiye anayepaswa kumwomba radhi.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere